Anga Iliyofungwa na Udongo wa Mama

Siku hizi karibu kila nyumba ninayoingia inapikia gesi, kwa hiyo nikikutana na harufu ya mafuta ya taa huwa ni kwa bahati tu. Mwezi uliopita ilinikuta kwenye ngazi za ploti moja huko Baba Dogo, nilikokwenda kumwona rafiki yangu aliyejifungua. Mtu alikuwa amewasha stovu ya utambi mlangoni, ndiyo kwanza inashika, na ule moshi wake mchungu ukapanda hadi ghorofa ya pili. Wengine huziba pua. Mimi nilisimama pale na mfuko wangu wa matunda nikavuta pumzi vizuri, kwa sababu kwangu hiyo ni harufu ya Kukhu, bibi yangu mzaa mama, na pia ni harufu ya ndege.

Hilo la ndege linahitaji maelezo. Nililelewa na Kukhu katika mtaa wa Uhuru, Nairobi, kwenye nyumba ya kaunsili ambayo babu aliipata zamani alipokuwa karani huko mjini. Ng'ambo ya mtaa upo uwanja wa ndege wa jeshi. Ndege zikishuka zilipita chini sana, vyombo vikatetemeka kabatini, na sisi watoto tukaweza kuona magurudumu. Siku moja nilimsikia mtu mzima akisema kwamba ndege hutumia mafuta yaliyo karibu sawa na mafuta ya taa. Kuanzia hapo nikaamini kwamba rubani hutumwa na dumu kwenye pampu ya dukani, kama Kukhu alivyonituma mimi kila jioni kununua ya stovu yake. Nilipofika darasa la nne nilikuwa nimeshajiona mjuzi. Ungeniuliza lolote kuhusu ndege ningekujibu bila aibu, na sikuwa nimewahi kupanda hata moja.

Mama alikuwa Uarabuni. Aliondoka nikiwa darasa la kwanza, akaenda kufanya kazi ya nyumba kwa familia fulani, na akawa sauti ya simu ya kila Ijumaa. Aliahidi kuja Krismasi. Hakuja, akatuma sanduku. Akaahidi Krismasi iliyofuata, likaja sanduku lingine, ndani yake viatu vilivyonibana kwa sababu alikumbuka mguu wangu wa zamani. Hakuna aliyenieleza kwamba pasipoti yake ilikaa kabatini kwa mwajiri na kwamba ruhusa ya kusafiri haikuwa mkononi mwake. Nilichojua mimi ni kwamba amesema atakuja, na hakuja, mara mbili. Mtoto wa miaka kumi hahitaji ushahidi zaidi ya huo kufungua kesi.

Kukhu alifariki Jumatano moja, baada ya siku tatu hospitalini. Presha, walisema. Niliporudi kutoka shuleni nilikuta viti vya plastiki vimepangwa nje na wanawake wa kanisa wakiosha vikombe vyetu, na mmoja wao akanivuta akanikumbatia kabla hajaniambia. Niliumia sana. Nililala na leso yake kwa siku nyingi na sikutaka ifuliwe.

Kukhu alikuwa na watoto wawili tu: Mama, ambaye jina lake ni Rose, na Anko Boni aliyekaa Makadara na mkewe, Anti Grace. Anko ndiye aliyepiga simu zote. Mazishi yangefanyika nyumbani, magharibi, Jumamosi ya wiki iliyofuata, ili Mama apate muda wa kufika. Mwajiri wake alikuwa amempa wiki mbili, akizihesabu tangu siku atakapotoka mlangoni kwake. Alitoka Jumanne. Jioni hiyo Anko alikaa kwenye kiti cha Kukhu, simu mkononi, akatutangazia.

"Rose hajaondoka. Kuna vita huko kwa nchi jirani. Wamefunga anga."

Watu walisikitika, wakatikisa vichwa, wakaendelea na chai. Mimi nilitoka nje kwenye veranda. Nilitaka kuiona hiyo anga iliyofungwa. Nilidhani kutakuwa na kitu, labda wingu la namna yake, labda mwanga mwekundu. Anga ilikuwa ileile ya kila siku. Kisha nikasikia ule mvumo, na ndege ya kijivu ikatoka upande wa Buruburu, ikapita juu ya kichwa changu, ikashuka ng'ambo.

Kesho yake nilimsimulia Akoth, rafiki yangu wa nyumba ya tatu, tukiwa tumepanga mitungi kwenye bomba. Sikuwa nimemaliza ndege ikapita tena.

"Na hiyo ni nini sasa, mwewe?" Akoth akaniuliza.

"Ati anga imefungwa."

"Zii, Nafula. Mathako anakubeba ufala. Hataki kukam."

Yaani Mama ananifanya mjinga, hataki kuja. Nilimmwagia maji, tukakosana kwa siku mbili. Lakini nilikuwa nimekasirika kwa sababu alisema nilichokuwa nafikiri mwenyewe. Siku hiyo nilihesabu ndege sita. Alhamisi nilihesabu nne kabla ya kwenda shule. Nilimfuata Anko Boni jikoni nikamwambia, "Anko, mbona ndege zinapita?"

"Nafula, wacha maswali. Peleka vikombe nje."

Simlaumu. Alikuwa na mama aliyekufa, dada aliyekwama na jeneza la kusafirisha. Lakini swali lile angelijibu kwa sentensi mbili, mambo mengine yote yangekwenda vingine.

Sasa nieleze jambo la nyumbani, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Kwetu kaburi huchimbwa jioni ya kuamkia mazishi. Likishachimbwa, linaruhusiwa kulala wazi usiku huo mmoja tu. Shimo likilala mara mbili bila mwenyewe, watu wazima husema limeanza kutafuta mwingine, na hakuna familia inayotaka kulikalia jambo hilo. Aliyekuwa akisimamia boma ni Kuka Wanyonyi, ndugu yake babu, mzee mkali aliyezungumza kwenye simu yake ndogo kwa kelele kama vile alitaka tumsikie Nairobi bila msaada wa mtandao. Yeye alikuwa na huruma kwa Mama, na alitafuta njia. Alimwambia Anko, "Hatuchimbi mpaka huyo msichana awe hewani. Akishakuwa hewani, tutachimba. Asipopanda, tunasogeza mpaka Jumamosi nyingine."

Sote tulikubali kwamba ni mpango mzuri. Nani angedhani kwamba mtu aliye hewani anaweza asifike?

Tulifika nyumbani Ijumaa mchana pamoja na jeneza. Saa kumi hivi simu ya Anko ikalia ujumbe, akausoma kwa sauti mbele ya watu wote. Mama alikuwa ameandika, "Wametupitisha njia nyingine. Nimekaa. Mlango umefungwa, tunaruka." Wanawake wakapiga vigelegele vya chini kwa chini, vile vya msibani. Anko alishaagiza gari la kumpokea Nairobi na kumleta moja kwa moja, angefika asubuhi. Kuka Wanyonyi akasimama, akawaita vijana, akasema, "Haya, chimbeni." Kabla giza halijaingia shimo lilikuwa tayari, nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la babu.

Mimi pia nilifurahi. Nakiri hilo kwa sababu ndilo lililofanya kilichofuata kiwe kibaya zaidi. Niliomba kusukwa nywele na Anti Grace ili Mama akifika anikute nadhifu. Nilikaa katikati ya magoti yake nikivumilia kitana, nikipanga nitakachosema.

Asubuhi Mama alipiga simu. Anko aliipokea uani, akasikiliza, akachuchumaa chini palepale. Baadaye aliweka sauti nje ili Kuka Wanyonyi asikie mwenyewe, na mimi nikasikia.

"Walitugeuza, Boni. Tulikuwa tumeruka masaa mawili. Rubani akasema mbele kumefungwa pia, hana pa kupitia. Tumerudi pale pale tulipotoka. Simu ilizima, ndiyo napata kuichaji sasa. Ngojeni kidogo. Tafadhali. Mwambie Kuka angoje mpaka kesho."

Kuka Wanyonyi aliinamia simu. "Mwanangu, shimo liko wazi. Limelala mara moja."

"Kuka, ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Mimi nilingoja mpaka ukasema umeruka. Kesho ikifika wakakugeuza tena, nitawaambia nini watu?"

Mama alikuwa akilia, na kulia kwake kulitoka kwenye simu kukiwa na mikwaruzo. Kuka Wanyonyi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Kisha akasema tutazika saa saba, na Rose ataonyeshwa kwa simu.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tangi la maji na nywele zangu mpya. Eti ndege imegeuka. Nimeishi chini ya ndege maisha yangu yote, nilijiambia, na sijawahi kuona ndege ikigeuka ikarudi. Ndege hushuka. Hiyo ndiyo kazi yake. Krismasi ya kwanza, Krismasi ya pili, anga iliyofungwa huku inapitwa, na sasa hii. Machozi niliyokuwa nayo tangu Jumatano ile yakakauka. Nilimchukia. Ni neno zito kwa mama yako mzazi, lakini ndilo lenyewe.

Kabla ya ibada Anko aliniita kando. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniinamia akaniambia, "Nafula, wewe utatupa udongo mara mbili. Wa kwanza ni wako. Wa pili ni wa mama yako. Ukitupa huo wa pili, useme moyoni kwamba huu ni wa Rose. Yeye atakuwa anaona. Sawa?"

"Sawa."

Kutupa udongo ni jambo dogo ukilitazama kwa mbali. Mtu anainama, anachota, anaachilia. Lakini kwa mtoto wa marehemu ndiyo kuaga kwenyewe, na asiyetupa huwa hajamaliza. Nililijua hilo hata kwa umri ule, kwa sababu nilimsikia Kukhu mara nyingi akimsema jirani mmoja ambaye hakumtupia baba yake, akimtaja kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Anti Grace alisimama ng'ambo ya kaburi akiwa ameinua simu. Mama alikuwa ndani yake, mdogo, kitambaa kichwani, nyuma yake watu wamelala sakafuni juu ya mizigo. Picha ilikwama mara tatu wakati wa maombi. Jeneza liliposhushwa ilikwama tena, uso wa Mama ukabaki umeganda mdomo wazi, na Anti Grace akasema kwa kunong'ona, "Imekatika." Alibaki ameinua simu hivyohivyo.

Anko alitupa udongo wake, akageuka akashikwa na wanaume wawili. Zamu yangu ikafika. Nilichota udongo wangu, mwekundu, bado una unyevu wa chini, nikautupa. Ulilia juu ya mbao. Nikamuaga Kukhu kwa moyo wote. Kisha nikasimama kidogo juu ya lile rundo la udongo, nikalitazama, nikajua kabisa ninachofanya. Nikapangusa mkono kwenye sketi nikaondoka.

Hakuna aliyeniuliza. Watu walianza kusukuma udongo kwa majembe, na muda si mrefu shimo likajaa.

Tulirudi Nairobi Jumatatu kwa sababu ya shule. Mama alifika Alhamisi. Alikuwa amelala sakafuni uwanja wa ndege siku nane, kisha wakampitisha nchi mbili asizokuwa na habari nazo. Alishuka kwenye teksi miguu imevimba, viatu amevishika mkononi, mwembamba kuliko mwanamke niliyemkumbuka. Nilimpa mkono nilivyofundishwa kuwapa wageni wa kanisa. Nikamsogezea kiti, nikamuuliza kama atakunywa chai. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema atakunywa.

Wiki zake mbili zilikuwa zimeliwa na kungoja. Siku ya kurudi ilikuwa Jumatatu, na tikiti haikubadilika. Siku nne zilibaki. Anko Boni alikuja jioni ile akiwa ameshapanga kila kitu: waondoke asubuhi Ijumaa, afike kaburini, amlilie mama yake, alale kwa Kuka Wanyonyi, warudi Jumapili. Mimi ningebaki na Anti Grace, sababu ya mitihani.

Mama aliweka kikombe chini, akanigeukia.

"Nafula. Ulinitupia udongo wangu?"

Nilitazama miguu yake iliyovimba. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu Jumamosi, na jibu langu lilikuwa hapana, na sababu zake nilizipanga kama wakili. Nikafungua mdomo.

"Ndiyo."

"Asante, mama," akaniambia, jinsi wazazi wetu wanavyowaita mabinti zao wakiwapenda. Kisha akamwambia Anko, "Basi mimi siendi. Nitakaa hapa na mtoto."

Anko alisimama. "Rose! Bila kufika kaburini? Watu watasema nini?"

"Waseme."

Walibishana mpaka chai ikapoa, na Mama hakusogea. Alikaa. Ijumaa alinipeleka shule akanisubiri langoni saa tisa, akiwa amevaa malapa ya Kukhu. Jumamosi tulienda soko la Burma tukala nyama, akanikatia vipande kana kwamba bado niko darasa la kwanza, na nikamwacha anikatie. Kila saa ya siku hizo nilikuwa na furaha, na chini yake nilikuwa na uongo wangu.

Jumapili alikuja Mama Hamdi, jirani yetu aliyefanya biashara ya vitambaa Eastleigh na kwenda kununua Uarabuni mara kwa mara. Naye alikuwa amekwama, siku tano, katika uwanja mwingine. Wakaanza kulinganisha: nani aliyelala kwenye zulia, nani kwenye marumaru, nani aliyeuziwa maji kwa bei ya kuchekesha. Walikuwa wakicheka, na mimi nikauliza lile swali langu.

"Lakini hapa ndege zilikuwa zinapita. Nilizihesabu."

Mama Hamdi alivuta vikombe vitatu. "Hapa ndiko tulikokuwa mimi na mama yako. Hapa ni Nairobi. Hiki cha katikati, watu wanarushiana makombora. Ndege ikipita juu yake inaweza kupigwa, iwe na abiria, isiwe na abiria. Wewe ungepita?"

"Hapana."

"Na ukishaanza kupita, ukaona mbele moto?"

"Nitarudi."

"Haya."

"Na zile za hapa juu?"

"Hizo ni za hapa, walahi! Hizo hata hazijui vita viko wapi."

Wote wawili wakacheka tena. Mimi niliangalia vikombe. Mama alikuwa amesema kweli. Tangu siku ya kwanza alikuwa amesema kweli, na mimi nilimnyima kumuaga mama yake. Zaidi ya hapo, kwa neno moja nilimzuia asiende mwenyewe. Kulikuwa bado na nusu siku ya kumwambia. Nilimtazama akimsindikiza Mama Hamdi mlangoni, nikamtazama akifunga sanduku, nikakaa naye teksi nzima hadi uwanjani Jumatatu mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Sikusema.

Alirudi moja kwa moja miaka minne baadaye. Alipofika kaburini nilikuwa naye. Alipiga magoti akang'oa magugu kimyakimya, na mimi nikaenda kusimama mbali. Nikakua, nikasoma, nikapata kazi. Mambo mengine ya utotoni niliyasimulia kwa wenzangu yakawa vichekesho, pamoja na rubani na dumu lake. Hili halikuwa kichekesho.

Mwaka jana tulikuwa tumeketi naye tukichambua maharagwe, redio ikasema safari za ndege zimesimamishwa tena huko, abiria wamekwama. Mama akaguna tu. Mimi nikaona kwamba nisiposema leo nitamzika na hilo jambo.

"Mama. Ule udongo wako wa Kukhu. Sikuutupa."

Aliendelea kuchambua. "Najua."

"Anko alikwambia?"

"Boni alikuwa analia, angeona nini? Niliona mwenyewe. Picha iliwakwamia nyinyi, kwangu haikukwama. Uliinama mara moja, ukajipangusa kwa sketi, ukaenda."

Nikamuuliza mbona basi aliniuliza siku ile, mbele ya Anko.

"Nilitaka kukusikia. Ungesema hapana, ningejua umenikataa, na ningeenda zangu kaburini, maana hapa nisingekuwa na kazi." Akatoa jiwe dogo kwenye sinia, akaliweka pembeni na mengine. "Lakini ulisema ndiyo, tena ukitazama miguu yangu. Mtoto aliyenikataa hangejisumbua kunidanganya. Ndiyo maana nikakaa."